Maji Yaliyokwisha Kutumika

Maji ni makongwe kuliko milima, lakini kila ayatekaye huyaona mapya. Yale yaliyomo katika mtungi wa leo yamekwisha kuwa mvuke, umande, utomvu wa mti, jasho la mnyama na mkojo wa mtu mara zisizohesabika kabla ya kufika mtungini. Jambo hili linajulikana na kila mwanafunzi aliyefundishwa mzunguko wa mvua, wala halimnyimi mtu usingizi, kwa kuwa safari ya maji hayo ni ndefu na hufanyika mbali na macho. Kinyaa huanza pale safari ifupishwapo. Pale maji yaliyotoka chooni juma hili yarudipo katika bomba la kunywa juma lijalo, baada ya kupita si mawinguni bali katika kiwanda kilicho ukingoni mwa mji. Hapo hata msomi mwenye shahada hukunja uso, na pengine hukunja kuliko mkulima, maana mkulima amezoea kuona samadi ikigeuka mhogo.

Mji wa kwanza duniani kuifupisha safari hiyo kwa makusudi, na kuyatia maji ya namna hiyo moja kwa moja katika mabomba ya wakazi wake, si London wala New York. Ni Windhoek, mji mkuu wa Namibia, na mwaka wenyewe ni 1968. Nchi ile ni kavu kuliko zote zilizo kusini mwa Sahara. Mito yake itiririkayo mwaka mzima iko mipakani tu: Kunene, Okavango na Zambezi kaskazini, na Orange kusini, Windhoek wenyewe umekaa katikati, juu ya uwanda wa milima, mamia ya kilomita kutoka kila mmoja wa mito hiyo. Mvua ya mwaka haifikii milimita 400, na jua lina uwezo wa kufyonza milimita zaidi ya 3,000. Bwawa la Goreangab lililojengwa katika miaka ya 1950 halikutosha. Mji ulikuwa hauna maji mengine ya kuutazamia isipokuwa yale uliokwisha kuyatumia.

Hapana budi kuongeza neno ambalo vitabu vya uhandisi hulipita upesi. Mwaka 1968 Namibia ilikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini na sheria zake za ubaguzi. Miaka tisa tu kabla, tarehe 10 Desemba 1959, polisi waliwapiga risasi na kuwaua wakazi Waafrika wa Windhoek waliopinga kuhamishwa kwa nguvu na kupelekwa Katutura, kitongoji ambacho jina lake katika Kiherero lina maana ya mahali pasipo makao yetu. Watu wa Katutura hawakuwa na kura katika baraza la mji. Kwa hiyo isemwapo kwamba watu wa Windhoek waliyakubali maji yale, msomaji ana haki ya kuuliza ni watu gani walioulizwa. Sifa ya ufundi inabaki palepale; lakini ukubalifu wa mtu asiyeweza kukataa ni kitu kingine, na haifai kuuhesabu pamoja na sifa hiyo.

Kiwanda cha kwanza kilitumia mchanga, makaa na klorini. Kiwanda kipya kilichofunguliwa mwaka 2002, chenye uwezo wa kutoa mita za ujazo 21,000 kwa siku, kiliongeza kizuizi kimoja mwishoni mwa mlolongo wa kazi, karibu na klorini: utando. Hapo ndipo habari ya insha hii ilipo hasa.

Kiswahili hakikosi maneno ya kitu hiki, ingawa kitu chenyewe ni kigeni. Utando ni ule ulio juu ya maziwa yaliyopoa, na ule wa buibui. Wanafunzi wa elimu ya viumbe wameuhamishia kwenye ngozi nyembamba inayozunguka chembe hai. Kiwambo ni ngozi iliyowambwa, kama ya ngoma au ya sikio. Lakini anayetaka kufahamu kazi yake aende jikoni akatazame kifumbu. Mpishi hutia nazi iliyokunwa ndani ya kifumbu, akamimina maji, akakamua kwa mikono miwili. Tui hupita, chicha hubaki. Kila jambo kubwa la ufundi huu limo katika kitendo hicho: kuna matundu yanayochagua kwa ukubwa, kuna nguvu inayosukuma, kuna kinachopita, na kuna kinachobaki ambacho lazima kitafutiwe mahali pa kukitupa au kazi ya kukipa.

Tofauti ni ukubwa wa matundu. Milimita moja ikigawanywa vipande elfu, kila kipande ni mikromita. Unywele wa mtu una unene wa mikromita hamsini hata mia. Kijidudu cha kipindupindu kina upana wa karibu nusu mikromita. Utando wa daraja ya kwanza una matundu ya sehemu moja ya kumi ya mikromita, nao humzuia kijidudu huyo kama mlango mwembamba umzuiavyo ng'ombe. Ule wa daraja ya pili, uliotiwa Windhoek, una matundu madogo zaidi, hata virusi vilivyo vingi havipiti. Na upo wa tatu, ambao kusema kweli hauna matundu yaonekanayo kwa darubini yoyote ya kawaida. Maji huyeyuka ndani yake, yakajipenyeza chembe kwa chembe na kutokea upande wa pili, yakiiacha chumvi nyuma. Huu wa tatu hautaki kukamuliwa kwa mikono. Kwa maji taka yaliyokwisha kusafishwa kwanza hutaka shindikizo kama mara kumi au kumi na tano ya lile la hewa, na kwa maji ya bahari hutaka mara hamsini na zaidi.

Sababu ya kutaka nguvu hiyo ilianza kuonekana mwaka 1748, wakati Jean-Antoine Nollet, kasisi na mwanasayansi wa Ufaransa, alipojaza chombo kwa roho ya mvinyo, akafunga mdomo wake kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha ndani ya maji. Kibofu kilivimba kikataka kupasuka. Maji yalikuwa yanaingia kwa hiari yao upande ulio mzito, wala mvinyo haukutoka. (Wasomaji wa pwani watasema kwamba kati ya ngozi zote zilizoumbwa, kasisi huyu aliona vema kuchagua ile, lakini elimu haikuanza kwa kuomba ruhusa.) Mwelekeo huo wa maji huitwa osmosisi. Kuyafanya yaende kinyume, kutoka upande mchafu kwenda upande safi, ni kuyashindana, na ushindani huo una gharama.

Ngozi ya kufaa ilichelewa sana kupatikana. Katika miaka ya 1950 zilikuwako tando zilizoweza kuizuia chumvi, lakini maji yalipita kwa uvivu mno kiasi kwamba hazikuwa na faida. Karibu na mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza utando wa selulosi ambao upande wake mmoja una ngozi nyembamba sana, na upande wa pili una mwili mnene wenye vishimo vya kuihimili ngozi hiyo. Ukigeuzwa haufanyi kazi. Kwa kuwa kinachozuia ni ile ngozi nyembamba peke yake, maji yalipita kwa wepesi ambao haukupata kuonekana. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, uliokuwa umezoea kuletewa maji ya kunywa kwa garimoshi, ulianza kutumia tando za namna hiyo kwa maji yake ya kisima yenye chumvi. Mwaka 1989 Kazuo Yamamoto na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba nyuzi zenye uwazi ndani zinaweza kuzamishwa katika birika lenyewe la maji taka, pamoja na vijidudu vinavyokula uchafu, na maji safi yakavutwa polepole kutoka ndani ya nyuzi hizo, kama mtoto anyonyavyo dafu kwa mrija. Tangu hapo kiwanda kiliweza kusimama mahali padogo, bila mabirika makubwa ya kutuliza tope.

Al-Ansab, pembeni mwa Maskati, kiko kiwanda kikubwa cha aina hiyo ya mwisho, na maji yake hunywesha miti na majani ya barabara za mji ule. Wako Waswahili wengi Maskati, wenye nasaba za Unguja, Pemba na Mombasa, wanaopita chini ya miti hiyo kila siku. Bi mkubwa mmoja wa Unguja alihadithiwa habari hiyo na mjukuu wake aliyekuwa amerudi kutoka huko kwa likizo. Kijana alimwamkia, akaketi, akaeleza kwa fahari jinsi uchafu unavyozuiwa na ngozi isiyoonekana matundu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Mjukuu wangu, maji hayo yameoshwa, au yametiwa manukato?"

Kijana alicheka, akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Bibi alikuwa ameuliza swali ambalo wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, walilijadili karne nyingi kabla ya selulosi. Sheria ya tahara husema kwamba maji mengi, yaani yaliyofika kulateni mbili, kadiri ya lita mia mbili hivi, hayawi najisi kwa kuguswa tu na najisi. Huwa najisi yakibadilika rangi, au ladha, au harufu. Je, badiliko hilo likiondoka? Imamu Nawawi, ambaye kitabu chake cha Minhaji kimesomeshwa katika darasa za pwani vizazi kwa vizazi, hutenganisha hali mbili. Badiliko likiondoka lenyewe, au kwa kuongezwa maji mengine, maji hutahirika. Lakini harufu ikiondoka kwa sababu ya miski, au rangi kwa sababu ya zafarani, hayatahiriki. Kwa maana hapo haijulikani kama uchafu umeondoka au umefunikwa.

Ni vigumu kuona kanuni ya mhandisi iliyo kali kuliko hii. Inakataa ushahidi wa pua na wa jicho mahali ambapo pua na jicho vimehongwa. Inataka uchafu uondoke, si uficike. Na kwa kipimo hicho utando una hoja iliyo bora kuliko dawa nyingi zitiwazo majini: hautii kitu, bali huzuia. Kinachobaki upande wa pili hubaki kweli. Kinaweza kupimwa, kikachotwa, kikaonyeshwa. Mwaka 1978 baraza la wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia, baada ya kuwasikiliza wataalamu wa maji, liliamua kwamba maji taka yakisafishwa mpaka ladha, rangi na harufu yake zikarudi katika asili, huwa tahiri, nayo yafaa kwa kujitahirishia na hata kwa kunywa, ila pakiwa na madhara kwa afya. Sharti hilo la afya si dogo. Wanazuoni walijua kwamba tohara na siha ni majirani, si mtu mmoja: maji yanaweza kutahirika kisheria na bado yakamdhuru anywaye.

Lugha nayo ina shahada yake hapa. Kiswahili husema taka kwa uchafu, na takata kwa kuwa safi. Takasa ni kusafisha, na takatifu ni kilichotengwa na uchafu wote. Wenye elimu ya asili za maneno na wabishane kama ni ndugu wa damu; kwa sikio ni ndugu. Msemaji wa Kiswahili hawezi kutamka usafi wa kitu bila kuupitisha ulimi wake penye taka. Lakini maneno maji taka, kama yaandikwavyo katika mabango na ripoti, yamekuwa kama hukumu isiyo na rufani. Maji yakishaitwa hivyo yamehukumiwa daima.

Wenye mamlaka wa Singapuri walilifahamu jambo hili mapema. Kisiwa hicho kilitegemea maji ya Johor, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, kwa mikataba ya mwaka 1961 na 1962. Wa kwanza ulikwisha mwaka 2011, na wa pili utakwisha 2061. Kunywa kwa hisani ya jirani ni jambo zito kwa dola yoyote. Walijenga kiwanda cha majaribio mwaka 2000, wakapima kwa miaka miwili, na katika sikukuu ya taifa ya mwaka 2002 chupa za maji hayo ziligawiwa kwa maelfu ya watu, wakanywa pamoja na waziri mkuu wao. Maji hayo walikuwa wameyapa jina la NEWater, na maji taka katika maandishi ya serikali yakawa maji yaliyotumika. Leo maji hayo yanaweza kukidhi hata asilimia 40 ya haja ya kisiwa. Sehemu kubwa huenda viwandani, na nyingine humwagwa katika mabwawa wakati wa kiangazi, yakachanganyika na ya mvua.

Je, kubadili jina si kutia zafarani? Ingekuwa hivyo kama jina lingebadilika peke yake. Singapuri walipima kwanza, wakabadili jina baadaye, na utaratibu huo ndio unaowaokoa na lawama. Mji wa Toowoomba, katika jimbo la Queensland, Australia, ulikwenda njia nyingine. Ukame ulipozidi, wananchi walipigishwa kura tarehe 29 Julai 2006 kama wakubali maji yao yaliyosafishwa yarudi bwawani. Karibu asilimia 62 walikataa. Si haki kuwacheka. Walikuwa na kitu ambacho watu wa Katutura hawakuwa nacho, wakakitumia. Na mtu anayeweza kusema hapana ndiye ambaye ndiyo yake ina thamani.

Isidhaniwe kwamba ngozi hii haina maradhi. La kwanza ni kwamba huota utando mwingine juu yake. Vijidudu vilivyozuiwa hushikamana nayo, vikajenga ute, na njia ikaziba. Kwa hiyo hulazimu kupuliziwa hewa, kuoshwa kwa dawa, na baada ya miaka kadhaa kutupwa. La pili ni nguvu za umeme, ambazo mji unaokatikiwa umeme kila mara hauwezi kuziahidi. La tatu ni chicha. Kila lita kumi ziingiazo katika utando wa daraja ya tatu, lita moja na nusu au mbili hubaki zikiwa zimebeba chumvi na sumu zote. Mji wa pwani huzimwaga baharini. Windhoek, ulio mbali na bahari, haukuuchagua utando huo, na mahali pa kumwagia chicha ni sababu mojawapo. La nne ni hila za vitu vidogo. Huko Orange County, California, ambako maji taka yamekuwa yakisafishwa na kuingizwa ardhini tangu miaka ya 1970, mwaka 2000 iligunduliwa katika visima kemikali iitwayo NDMA, ndogo hata hupenya utando, nayo hudhaniwa kuleta saratani. Visima vilifungwa, na kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2008 kikaongezewa miale mikali ya urujuani ya kuivunja. Kiwanda hicho sasa kinaweza kutoa karibu lita milioni 490 kwa siku. Kikubwa cha kuangaliwa katika habari hii ni kwamba walitafuta. Anayepima hugundua; asiyepima hunywa na kumshukuru Mungu.

Windhoek nao ulikuwa na hekima moja iliyo bora kuliko mashine. Maji ya viwanda na maji ya majumbani yalitenganishwa, kila moja na njia yake, ili rangi za ngozi na madawa yasiingie katika maji yatakayonywewa. Na kipimo kikionyesha kwamba maji hayakufika daraja iliyowekwa, hayaendi mjini, hurudishwa nyuma.

Na pwani ya Afrika Mashariki? Hapo lazima kusema wazi kwamba utando hutanguliwa na bomba. Huwezi kukamua nazi isiyofika jikoni. Nyumba zilizo nyingi za Dar es Salaam hutumia vyoo vya shimo na makaro, na maji yake huzama mchangani palepale yalipo au hubebwa kwa gari. Zilizounganishwa na mabomba ya maji taka ni chache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mabwawa yake Mlimani, ambamo jua, mwani na muda hufanya kazi bila umeme, na wataalamu wake wamechunguza kwa miaka mingi jinsi matete yanavyoweza kumalizia kazi hiyo. Kwa nchi yenye jua na ardhi, mabwawa na matete si aibu. Utando una mahali pake pale ardhi ni haba na bomba lipo: hoteli ya kisiwani ambayo kisima chake kimeanza kuingia chumvi, hospitali kubwa, kiwanda cha nguo.

Walakini yeyote asemaye kwamba watu wa Dar es Salaam hawatakubali kamwe kuonja maji yaliyorudi, na ashuke bonde la Msimbazi kabla jua halijachomoza. Mto ule hupokea maji ya makaro, ya mifereji na ya viwanda. Wapo wakulima kando yake walio na matuta ya mchicha na matembele, na ndoo za kunyweshea. Hawana kosa, mto ndio maji waliyonayo, na mboga zinatakiwa mjini. Mchicha hukatwa mbichi, hufungwa mafungu, husuuzwa vumbi kwa maji yaleyale, na saa moja asubuhi umekwisha kufika sokoni, ukiwa umesimama, wa kijani, una matone juu ya majani. Hakuna aliyewapigisha walaji kura.